Kirongozi Asiyesimulia: Hatari ya Mlima na Sauti ya Mwajiriwa katika Masimulizi ya Safari za Kupanda

Soko la Sondu limekaa mahali ambapo nchi huanza kupanda. Upande wa chini, barabara ya Katito na Ahero huteremka kuelekea uwanda wa Kano na Ghuba ya Nyanza, ambako uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Upande wa juu, barabara ya Sigowet hukwea hadi Kericho, kwenye mashamba ya chai na vijito vinavyoulisha mto uleule upitao sokoni. Wajaluo na Wakipsigis hukutana hapo kwa biashara, na lugha ya kupatana bei mara nyingi huwa ni Kiswahili. Mwezi wa Mei 2024, redio na magazeti ya Kenya yalipotangaza kwamba Cheruiyot Kirui, mfanyakazi wa benki na mpandaji milima mzoefu, amefariki karibu na kilele cha Everest, majina hayo mawili hayakuhitaji kufafanuliwa kwa msikilizaji wa Sondu. Ni majina ya jirani. Huitwa kila siku upande wa juu wa soko. Jina jingine lililokuwamo katika habari hiyohiyo, Nawang Sherpa, lilikuwa la mgeni, nalo lilipita haraka.

Watu hao wawili walikuwa pamoja tarehe 22 Mei 2024, mmoja akiwa mteja na mwingine kiongozi wake wa kulipwa. Kirui alikusudia kukifikia kilele cha mita 8,849 bila kutumia hewa ya chupa. Kwa mujibu wa taarifa zilizotolewa siku zile, Nawang ndiye aliyezungumza kwa redio na watu wa kambini, akieleza kwamba mwenziwe amekataa kurudi na amekataa pia hewa ya chupa. Kisha mawasiliano yakakatika. Mwili wa Kirui ulionekana baadaye mita chache chini ya kilele, Nawang hakuonekana. Katika mkasa mzima, maneno ya kiongozi yaliyotufikia ni hayo machache tu, nayo yametufikia kwa kupitia vinywa vya wengine, na yote yanahusu hali ya mteja. Hakuna aliyepokea neno lolote juu ya hali ya Nawang mwenyewe: kama alichoka, kama aliogopa, kama alifikiria kumwacha mtu huyo na kuteremka.

Makala haya yanakusudia kuchunguza ukimya huo kama suala la kifasihi. Inadaiwa hapa kwamba masimulizi ya kupanda milima mirefu yamejenga kaida ya usimulizi ambayo kwayo hatari ya mteja husimuliwa kama uamuzi, ilhali hatari ya kiongozi na mpagazi husimuliwa kama hali ya kazi. Wa kwanza hupewa nia, shaka, majuto na historia ya utotoni. Wa pili hupewa nguvu na tabasamu. Kaida hiyo haikuzaliwa Everest peke yake. Mizizi yake mmojawapo uko Afrika ya Mashariki, katika safari ambazo Waswahili wenyewe walikuwa wabebaji na waonyeshaji njia. Kwa sababu hiyo, mhakiki wa Kiswahili ana haki na wajibu wa kuyasoma masimulizi haya kama mtu anayehusika.

Ifaa kuanza na istilahi. Wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 waliokwenda bara kutoka Zanzibar na Bagamoyo waliandika katika vitabu vyao neno kirangozi au kirongozi, nao walimaanisha mtu aliyetangulia msafara. Huyu hakuwa mtumishi wa kawaida. Alikuwa na mavazi ya kumtofautisha na wengine, alichukua bendera, na msafara mzima ulikwenda kwa mwendo wake. Kiswahili sanifu kimebaki na umbo la kiongozi, ambalo siasa imelichukua na kulipandisha cheo. Leo mtu akisema kiongozi, msikilizaji humfikiria mbunge kabla ya kumfikiria mtu anayeonyesha njia. Huko Kilimanjaro wapagazi wamejipa jina la wagumu. Jina hilo lina fahari ndani yake, lakini linabeba pia mtego, kwa sababu mgumu hatarajiwi kuumwa, na anayeumwa huona haya kusema.

Kitabu kilichoipa aina hii ya masimulizi umbo lake la sasa ni Into Thin Air cha Jon Krakauer, kilichochapishwa mwaka 1997. Mwandishi alipelekwa Everest na gazeti la Marekani ili achunguze biashara ya kuwapandisha watu kwa malipo. Akajiunga na kundi la Rob Hall wa New Zealand, ambaye aliwatoza wateja wake dola 65,000 kila mmoja. Tarehe 10 Mei 1996, kundi hilo na lile la Scott Fischer wa Marekani yalichelewa njiani: kamba hazikuwa zimefungwa mahali pote zilipohitajika, watu wakapangana foleni kwenye sehemu nyembamba, na saa ya kugeuka, iliyokuwa imezungumzwa kuwa saa saba au saa nane mchana, ikapita wateja wakiwa bado wanapanda. Jioni ikaja dhoruba. Kufikia kesho yake watu wanane walikuwa wamekufa pande mbili za mlima, wakiwemo Hall na Fischer wenyewe.

Ni kitabu kilichoandikwa kwa ustadi, na ustadi huo ndio unaofanya upungufu wake usionekane upesi. Simulizi linafunguka kileleni, msimulizi akiwa amekwisha kufika na akili yake imechoka mno hata hawezi kufurahi. Ndipo linarudi nyuma kueleza jinsi alivyofika. Kwa mbinu hiyo rejeshi msomaji anajua tangu kurasa za mwanzo kwamba kuna watu watakaokufa, na kila kosa dogo linalosimuliwa baadaye linapata uzito wa ajali. Kabla ya hapo imewekwa orodha ya wahusika, kama ile ya mwanzoni mwa tamthilia, kila mtu na kundi lake na kazi yake. Masherpa wamo. Lakini orodha inaonyesha mapema mgawanyo utakaofuatwa na kitabu chote, kwani wateja watatoka humo na kuwa watu kamili, ilhali Masherpa wengi watabaki na kile walichopewa hapo, yaani jina na kazi.

Jambo la maana zaidi katika kitabu hicho ni suala la msimulizi asiyeaminika. Katika riwaya, mwandishi huchagua kumfanya msimulizi wake asiaminike. Hapa ni mlima uliochagua. Kileleni mwa Everest mtu huvuta kiasi cha thuluthi tu ya oksijeni anayoivuta pwani. Ubongo unaweza kuvimba, mapafu yanaweza kujaa maji, na muda mrefu kabla ya hayo hukumu ya mtu hupotoka bila mwenyewe kujua. Krakauer aliwahakikishia watu kwamba alimwona kiongozi kijana Andy Harris akifika salama karibu na mahema. Baadaye ikathibitika kwamba alimfananisha na mtu mwingine, na Harris alikuwa amepotelea juu. Mwandishi anakiri kosa hilo bila kujitetea, na ungamo lake ndilo kiini cha kitabu. Hata hivyo, ungamo ni umbo linalohitaji nafsi ya kwanza. Aliyeteremka hai ndiye mwenye fursa ya kuungama, na kwa kuungama anajipatia tena nafasi ya kati katika mkasa uliowaua wengine.

Mhusika wa kumtazama kwa makini zaidi ni Ngawang Topche Sherpa, aliyefanya kazi katika kundi la Fischer. Aliugua mapafu akiwa kazini wiki kadhaa kabla ya siku ya kilele. Mwanzoni alisita kukubali kwamba ni mgonjwa na hakutaka kuteremshwa; hatimaye alibebwa akapelekwa hospitali Kathmandu, na akafa mwezi wa Juni 1996. Krakauer anamsimulia, na anastahili sifa kwa hilo, kwa sababu hesabu ya wafu wanane ambayo ulimwengu umeikariri haimhesabu Ngawang. Lakini katika muundo wa kitabu kifo chake ni dalili ya mapema, aina ya utabiri unaomwandaa msomaji kwa mkasa wenyewe. Swali lake halisi, la kwa nini mtu aone afadhali kukohoa damu kuliko kusema anaumwa, linaguswa na kuachwa. Jibu lake lingelazimu kitabu kingine, kinachohusu ajira, aibu, na jinsi mshahara wa miezi miwili unavyolisha nyumba mwaka mzima.

Inaweza kujibiwa kwamba kiongozi alisema, na alisema mwaka uleule. Anatoli Boukreev, mpandaji wa Kazakhstan aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa Fischer, alitoa kitabu chake The Climb mwaka 1997 akisaidiwa na mwandishi wa Marekani. Krakauer alikuwa amemlaumu kwa kufanya kazi bila hewa ya chupa na kwa kuteremka kabla ya wateja wake. Boukreev akajibu kwamba kuteremka kwake ndiko kulikomwezesha kutoka tena usiku, peke yake, na kuwaokoa watu watatu waliokuwa wanaganda kwa baridi. Mabishano hayo yamesomwa sana kama ugomvi wa watu wawili. Yakitazamwa kwa jicho la tabaka, yanaonyesha kwamba hata neno kiongozi limegawanyika. Kuna kiongozi anayesafiri kwa ndege, anayejulikana kwa jina lake katika majarida na ambaye akilaumiwa atapata mchapishaji. Na kuna kiongozi anayefunga kamba na kupanda na mahema mgongoni. Huyu wa pili hakuhusishwa na mabishano hata kama shahidi, isipokuwa pale maneno yake yalipohitajika kumwangusha mmoja wa wagomvi.

Tenzing Norgay mwenyewe, aliyefika kileleni pamoja na Edmund Hillary tarehe 29 Mei 1953, aliyatoa maisha yake kwa masimulizi ya mdomo, na yakaandikwa kwa Kiingereza na James Ramsey Ullman mwaka 1955. Alijua lugha nyingi za kusema, lakini kalamu ilikuwa ya mtu mwingine. Ni vyema kulikumbuka hilo kabla ya kuvuka bahari na kurudi Afrika ya Mashariki, kwa kuwa huku nako kalamu na mzigo vilikaa katika mikono mbalimbali.

Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Kirongozi wake, Bwana Kheri, alimpa kisa ambacho mmishonari huyo alikihifadhi. Mtawala mmoja wa Uchaga, alisema, aliwahi kutuma kundi la watu kwenda juu kuchunguza kile kitu cheupe, pengine ni fedha. Akarudi mmoja tu, mikono na miguu yake imeharibika, naye akaeleza kwamba wenzake waliangamizwa huko juu. Wasomaji wa Ulaya walikipokea kisa hicho kama ushahidi kwamba theluji ipo, au kama mfano wa imani za kienyeji. Kwa mhakiki wa leo kina thamani nyingine. Hii ni habari ya msafara wa mlima mrefu ambamo waliotumwa walikufa na aliyewatuma alibaki nyumbani, na imesimuliwa na kirongozi, kwa mtu aliyemwajiri, wakiwa wote wawili wanautazama mlima huohuo. Ni vigumu kuamini kwamba Bwana Kheri alikitoa kwa ajili ya kupitisha wakati. Alikuwa akiweka sharti la kazi kwa njia ya hadithi.

Hans Meyer alipofika kileleni pamoja na Ludwig Purtscheller tarehe 6 Oktoba 1889, kambi ya juu ilikuwa ikitunzwa na Mwini Amani, mtu wa Pangani. Mswahili wa pwani, aliyezaliwa penye minazi, akakaa peke yake kwenye jabali na baridi akiwangoja Wazungu wawili washuke. Meyer anamtaja kwa heshima. Asichomtaja nacho ni neno lolote kuhusu alichofikiri saa zile za kungoja, na hizo ndizo saa ambazo mwandishi wa hadithi angetamani kuzijua kuliko hatua zote za kileleni. Mwaka 1989, karne moja baadaye, Tanzania ilimtukuza Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu kuwa ndiye aliyemwongoza Meyer. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka kwamba alikuwamo katika safari ile. Hata hivyo, shaka hiyo haiondoi maana ya tukio. Taifa lilihisi pengo katika simulizi likatafuta mtu wa kulijaza, na likamtafuta miongoni mwa walioonyesha njia.

Mlima Kenya una kisa kizito zaidi. Halford Mackinder alifika Batian, mita 5,199, mwezi Septemba 1899, pamoja na viongozi wawili kutoka milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel. Majina ya hao wawili yamo katika kila kitabu cha historia ya mlima huo. Msafara ulikuwa pia na wapagazi wengi, Waswahili kwa Wakikuyu. Shajara yake ya safari haikuchapishwa kuwa kitabu hadi mwaka 1991, na tangu hapo pamekuwa na mjadala juu ya wapagazi Waswahili wanane ambao karatasi za msafara zinawaandika kuwa walipigwa risasi kwa amri. Mackinder hasimulii jambo hilo. Kama orodha hiyo inasema kweli, basi waliouawa kwa mkono wa binadamu katika safari ile walikuwa wengi kuliko ambao mlima wenyewe ungeweza kuwadai, nao wamebaki katika umbo la hesabu ya mwajiri, lililo chini kabisa katika ngazi ya tanzu za maandishi.

Dhidi ya mkondo huo inasimama Fuga sul Kenya ya Felice Benuzzi, iliyotoka kwa Kiitalia mwaka 1947. Wafungwa watatu wa vita walitoroka kambini Nanyuki mwezi Januari 1943, wakapanda kwa vifaa walivyojitengenezea na kwa kuongozwa na picha ya mlima iliyokuwa kwenye kopo la chakula. Wawili wakafika Lenana, kisha wote wakarudi kujikabidhi kwa Waingereza. Hakuna kirongozi hapo wala mpagazi, na kila kilo iliyopanda ilipanda kwa mgongo wa aliyeitaka. Mcheko uliojaa katika kitabu hicho unatokana na hali hiyo, na vitabu vingine vya mlima havina mcheko wa namna hiyo.

Je, Kiswahili chenyewe kina nini? Jibu la haraka ni kwamba fasihi yetu haina utanzu wa kupanda milima, na jibu hilo ni sahihi kwa kadiri linavyokwenda. Lakini kina nathari ya safari iliyoandikwa mapema. Katika Safari za Wasuaheli, mkusanyiko uliotolewa na Carl Velten mwaka 1901, yumo Salim bin Abakari, mzaliwa wa Ngazija, ambaye mwaka 1896 alifuatana na bwana wake Mjerumani kupitia Urusi na Siberia hadi milima ya Altai. Huyu ni mwajiriwa anayesimulia. Anaeleza baridi, vyakula, miji na watu waliomshangaa. Macho yake hutulia kwenye mambo ambayo bwana hayaandiki, kwa sababu mambo hayo ndiyo kazi yake. Ni kweli kwamba Velten ndiye aliyeyakusanya na kuyachapa, na mkono wa mhariri wa kikoloni haupaswi kusahauliwa. Hata hivyo, nafsi ya kwanza humo ni ya mtu aliyelipwa ili aende, na kwa hilo tu maandishi yale yako mbele ya vitabu vingi vya Everest vilivyofuata baada ya miaka mia.

Mfano wa pili ni wa kubuni, nao umehakikiwa mara nyingi kwa jicho la siasa kiasi cha kusahauliwa kwamba ni kitabu cha safari. Katika Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert, wajumbe sita wanatumwa pande sita, mmoja wao juu mbinguni na mwingine chini ardhini. Wanapata mateso njiani, wanarudi na maarifa, na wanafungwa gerezani na serikali iliyowatuma. La kuzingatia hapa ni usimulizi. Wajumbe wenyewe hawasimulii. Anayesimulia ni Karama, aliye kizimbani kwa kosa la kutaka kufundisha sheria, na visa vya wajumbe anavitumia kama utetezi mbele ya baraza. Shaaban Robert amebuni sauti ambayo utanzu wa mlima haujaipata: ya mtu ambaye hakwenda safari wala hakuilipia, anayesema kwa ajili ya waliotumwa na kwa gharama ya maisha yake mwenyewe. Karama hajidai kujua walivyohisi. Anaeleza walitumwa na nani, walipatwa na nini, na walilipwa nini waliporudi. Maswali hayo matatu yakiulizwa juu ya Nawang Sherpa, magazeti ya Mei 2024 hayana majibu ya kutosha hata kwa moja.

Pingamizi moja halina budi kupewa nafasi. Inawezekana kumfanya kiongozi awe mhanga asiye na hiari, na huko nako ni kumnyang'anya sauti. Masherpa wana fahari ya kazi yao. Kampuni nyingi zinazopandisha watu Everest leo ni za Wanepali, na tarehe 16 Januari 2021 Wanepali kumi walikuwa wa kwanza kufika kilele cha K2 wakati wa baridi, bila mteja yeyote wa kumbeba. Vivyo hivyo, mgumu wa Kilimanjaro anayelinda kilo zake 20 zisizidishwe getini ni mtu anayejua thamani ya mgongo wake. Hayo ni kweli. Lakini hatari haigawanywi kwa hiari peke yake. Mteja hulipita poromoko la barafu la Khumbu mara chache katika msimu. Wanaompelekea mahema na chakula hulipita mara nyingi zaidi. Tarehe 18 Aprili 2014 barafu iliporomoka hapo ikawaua watu 16, wote wafanyakazi wa Nepal. Hakukuwa na mteja miongoni mwao, na labda ndiyo sababu vitabu vya siku ile ni haba.

Msomaji wa kando ya ziwa haihitaji nadharia ili aelewe mgawanyo huu. Kutoka Sondu mto huteremka hadi Ghuba ya Nyanza, na huko kwenye fuo za uvuvi mwenye mtumbwi na nyavu mara nyingi hulala nyumbani, ilhali vijana wanaoingia majini usiku huitwa baria, neno lililotoka kwenye baharia na kupoteza herufi zake njiani. Dhoruba ikija, baria ndiye anayezama. Matangani, hata hivyo, mtaani humzungumza baria kwa jina lake na la baba yake, na mwenye mtumbwi huulizwa hadharani kwa nini aliwaruhusu kutoka. Swali hilo ndilo ambalo utanzu wa mlima umelipindua, kwani wenyewe humuuliza aliyeajiriwa kwa nini alimruhusu aliyemwajiri kuendelea.

Katika mkasa wa 2024 limebaki tendo moja linalostahili kusomwa kama matini. Familia ya Kirui ilitangaza kwamba mwili wa ndugu yao utaachwa mlimani, kwa kuwa kuuteremsha kutoka kimo kile kungeyaweka hatarini maisha ya watu wengine. Kwa watu wa nchi hizi, pande zote mbili za soko la Sondu, kumzika mtu kwao ni jambo kubwa. Mahakama za Kenya zimewahi kusikiliza kesi ndefu juu ya nani azike mwili na wapi, mashuhuri zaidi ikiwa ile ya wakili S. M. Otieno mwaka 1987, ambaye hatimaye alizikwa Nyalgunga, Siaya. Familia iliyokubali kukosa kaburi iliwafikiria watu ambao haikuwajua, watu ambao wangepanda kwa ujira na kamba kuufuata mwili uliokwisha kupoa. Tangazo lao lilikuwa fupi. Watu hao hawakutajwa majina, na hayakuwa na haja ya kutajwa, kwa kuwa safari ya kuwataja haikufanyika.

Habari zilizoendelea kuandikwa baada ya hapo zilimtaja Kirui katika kichwa na Nawang katika aya ya nne au ya tano, palipokuwa na nafasi. Huko Sondu habari hupokewa kwa mdomo zaidi kuliko kwa kusomwa, na anayeisimulia huko hulazimika kuamua mwenyewe aanze na jina lipi.